Koo Likiziba, Dakika ni Chache: Fahamu Magonjwa ya Zoloto na Njia ya Hewa

Mtu akikosa hewa kabisa, ubongo wake huanza kudhurika baada ya takriban dakika 4. Kwa mkazi wa wadi ya Kasigau, muda huo hautoshi hata kumtafuta mwenye bodaboda. Kutoka vijiji vinavyouzunguka mlima, vikiwemo Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe, wengi huenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi kwa kupitia Maungu, kisha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Mvua ikinyesha njia huharibika, na usiku kuna ndovu.

Ndiyo maana mtu anapopaliwa, wa kumwokoa ni yule aliye karibu naye wakati huo: mama jikoni, mwalimu darasani, jirani shambani. Lakini si kila tatizo la koo huja kwa ghafla. Mengine huanza kwa sauti iliyokauka tu, yakapuuzwa kwa miezi. Makala haya yanaeleza yote mawili: dharura isiyongoja gari, na dalili ambayo haifai kungojewa hadi iwe dharura.

ZOLOTO NI NINI?

Ukiweka kidole mbele ya shingo kisha ukameza mate, utahisi kitu kigumu kikipanda na kushuka. Hilo ndilo zoloto, ambalo wengine huliita kisanduku cha sauti. Kwa wanaume hutokeza zaidi na huitwa kikoromeo.

Zoloto lina kazi tatu. Kwanza, ni mlango wa hewa inayokwenda kwenye mapafu. Pili, lina nyuzi mbili za sauti ambazo hutetemeka hewa inapopita, ndipo tukazungumza na kuimba. Tatu, hulinda mapafu. Tunapomeza, kifuniko chake hushuka na nyuzi hujifunga ili chakula kiingie kwenye umio, yaani njia ya chakula, wala si kwenye njia ya hewa. Mtu akicheka au kuzungumza huku anakula, mlango huo unaweza kufunguka wakati usiofaa. Huko ndiko kupaliwa.

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuona nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi. Mwaka wa 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliziona zake mwenyewe kwa kutumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Leo daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani na kuliona zoloto lote kwa dakika chache, mgonjwa akiwa macho.

KWA NINI WATOTO WAKO HATARINI ZAIDI

Hesabu ndogo inaeleza. Njia ya hewa ya mtoto mchanga, pale ilipo nyembamba zaidi, ina upana wa karibu milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 pande zote huacha upana wa milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa hupungua kwa asilimia 75. Uvimbe huohuo kwa mtu mzima mwenye njia ya milimita 8 hupunguza nafasi kwa asilimia 44 hivi. Ndiyo maana mafua yanayompa baba sauti nzito tu yanaweza kumkosesha mwanawe pumzi.

Isitoshe, mtoto mdogo hana magego ya kusaga vitu vigumu na hujua ulimwengu kwa kutia kila kitu mdomoni. Vinavyopatikana kwa urahisi nyumbani na dukani ndivyo hatari kwake: karanga, mahindi makavu, maharagwe, mbegu za ukwaju, sarafu, vifuniko vya kalamu na betri ndogo za redio au vidude vya kuchezea. Mabuyu ya rangi yanayouzwa kwenye vipakiti ni hatari hasa kwa wadogo. Mbegu yake ni ngumu, na ikishamung'unywa huwa laini na huteleza. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe mabuyu wala karanga nzima. Kimanga kilichopondwa vizuri ni salama zaidi kwake kuliko maharagwe mazima, na ale akiwa ameketi, si akikimbia.

MTU AKIPALIWA: HATUA ZA KUFUATA

Jambo la kwanza ni kumtazama. Ikiwa anakohoa kwa nguvu, analia au anazungumza, hewa bado inapita. Mwache akohoe na umhimize aendelee. Usimpe maji, na usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona, kwa maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Ikiwa hawezi kukohoa, kulia wala kusema, ameshika shingo kwa mikono, au midomo inageuka rangi, hewa imezibwa. Mwite mtu aombe usaidizi na atafute gari huku wewe ukianza mara moja.

Kwa mtu mzima au mtoto wa zaidi ya mwaka 1:
1. Mwinamishe mbele. Mpige mgongoni, katikati ya mabega, mara 5 kwa nguvu, kwa sehemu ya chini ya kiganja.
2. Kikikataa kutoka, simama nyuma yake na umzungushie mikono. Weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu, uishike kwa mkono wa pili, kisha uivute ndani na juu kwa nguvu mara 5.
3. Rudia mapigo 5 na mivuto 5 hadi kitu kitoke au mtu azimie.

Kwa mjamzito au mtu mnene sana, usibonyeze tumbo. Weka mikono katikati ya kifua na uvute hapo.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1:
1. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukikishika vizuri taya. Mpige mgongoni mara 5.
2. Mgeuze chali, kichwa bado kikiwa chini. Bonyeza katikati ya kifua mara 5, chini kidogo ya usawa wa chuchu, kwa vidole viwili au kwa sehemu ya chini ya kiganja kimoja.
3. Rudia. Usimbonyeze tumbo kamwe, na usimshike miguu ukamning'iniza.

Akizimia, mlaze chali mahali pagumu. Bonyeza katikati ya kifua kwa kasi mara 30, kisha fungua mdomo utazame. Ukikiona kitu, kitoe, usipokiona, usipapase. Mpe pumzi 2 mdomo kwa mdomo, kisha uendelee kubonyeza. Usiache hadi aanze kupumua au mhudumu wa afya afike.

Aliyeokolewa kwa kubonyezwa tumbo apelekwe akapimwe hata akisema yuko salama, kwa kuwa viungo vya ndani vinaweza kuumia.

CHEMBE ILIYOINGIA IKAKAA KIMYA

Wakati mwingine mtoto hupaliwa, akakohoa sana kwa dakika chache, kisha akatulia na kurudi kucheza. Familia hushukuru na kusahau. Huenda punje ya hindi au mbegu haikutoka, bali ilishuka kwenye bomba moja la pafu. Baada ya siku chache kikohozi hurudi, homa huja, na mtoto hutibiwa nimonia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Dawa hupunguza homa, lakini mbegu bado iko.

Mzazi mwenye mtoto anayekohoa kwa wiki kadhaa bila kupona ajiulize: je, aliwahi kupaliwa? Akikumbuka, amweleze mhudumu hata kama ni mwezi uliopita. Neno hilo moja linaweza kubadilisha matibabu yote. Picha ya eksirei huenda isionyeshe mbegu au karanga, kwa hivyo maelezo ya mzazi ni muhimu kuliko picha. Kitu kama hicho hutolewa na daktari bingwa kwa kifaa maalum kinachopitishwa mdomoni mtoto akiwa amelazwa usingizi.

Betri ndogo ya duara ikimezwa ni dharura hata mtoto akiwa hana dalili. Inaweza kuunguza koo na umio kwa muda wa saa 2. Asingojewe aitoe kwa choo.

MLIO WA PUMZI USIKU

Kuna mlio ambao kila mzazi anafaa kuutambua. Mwenye pumu hulia kifuani anapotoa pumzi. Njia ya hewa ya juu ikiwa nyembamba, mlio hutoka kooni na husikika anapovuta pumzi. Mlio huo ni onyo.

Sababu ya kawaida kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 3 ni ugonjwa uitwao krupu, unaosababishwa na virusi vya mafua. Mtoto huanza kwa kamasi, kisha usiku wa pili au wa tatu anaamka akikohoa kama mbwa anayebweka, sauti ikiwa imekauka. Kwa wengi hupungua wenyewe, na dozi moja ya dawa ya kupunguza uvimbe inayotolewa hospitalini husaidia sana. Dalili za kumkimbiza usiku uleule ni mlio unaosikika hata akiwa ametulia, ngozi ya chini ya shingo na katikati ya mbavu kuingia ndani akivuta pumzi, kushindwa kunyonya, na kulegea.

Hatari zaidi ni uvimbe wa kifuniko cha zoloto unaoletwa na bakteria. Huyu ana homa kali, hakohoi sana, ameketi akiinama mbele, mdomo wazi, mate yakimdondoka kwa kuwa hawezi kumeza. Asilazwe chali, asifunguliwe mdomo kwa kijiko kuangaliwa koo, na asilizwe. Akae mapajani mwa mamaye namna anayotaka mwenyewe, na safari ianze.

Wazazi wengi hukimbilia kumfukiza mtoto kwa maji moto chini ya blanketi. Kwa krupu hakujathibitika kusaidia, na maji yakimwagika humuunguza. Afadhali kumtuliza, kumketisha wima na kumpa hewa safi, mbali na moshi wa kuni.

Chanjo imepunguza sana magonjwa haya. Chanjo ya mseto wa magonjwa matano, ambayo Kenya iliianzisha mwaka wa 2001, hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Humkinga dhidi ya bakteria hao wa kifuniko cha zoloto na pia dhidi ya dondakoo, ugonjwa unaofanya utando mzito kooni na kuziba hewa. Mzazi aliyekosa siku ya kliniki kwa sababu ya umbali bado anaweza kumpeleka mtoto. Asikae nyumbani kwa kuogopa kukemewa.

UVIMBE WA GHAFLA KWA MTU MZIMA

Eneo la Voi linafahamika kwa ua la mizinga ya nyuki, lililowekwa kule Sagalla kuzuia ndovu kuingia mashambani. Nyuki huleta asali na amani ya shamba, lakini watu wachache wana mzio mkali. Mtu aliyeumwa na nyuki akavimba midomo na ulimi, akatoka vipele mwilini, sauti ikabadilika au akahisi kizunguzungu, anahitaji sindano ya adrenalini hospitalini mara moja. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni apelekwe hata kabla ya kuona dalili hizo.

Uvimbe kama huo unaweza kuletwa na dawa za shinikizo la damu za kundi la enalapril. Hutokea kwa wachache, na unaweza kuja hata baada ya miezi au miaka ya kumeza dawa hiyo. Mgonjwa anayevimba ulimi au midomo asimeze kidonge kingine, aende hospitali papo hapo akiwa na pakiti ya dawa. Wasio na uvimbe wasiache dawa zao, kwani shinikizo lisilotibiwa huua wengi zaidi.

SAUTI IKIKAUKA ZAIDI YA WIKI 3

Walimu, wahubiri, makanga wa stendi ya Voi na wachuuzi wa sokoni huishi kwa sauti. Kupwewa na sauti kwa siku chache baada ya mafua au mkesha wa nyimbo ni kawaida. Kinachohitajika ni kupumzisha sauti, kunywa maji ya kutosha na kuepuka moshi. Kunong'ona si mapumziko, maana kunaweza kuzichosha nyuzi zaidi. Anayetumia sauti vibaya kwa muda mrefu anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi, ambavyo mara nyingi hupungua kwa mafunzo ya sauti bila upasuaji. Kiungulia cha usiku pia hukausha sauti, kwa hivyo ni vyema kula mapema, angalau saa 2 hadi 3 kabla ya kulala.

Vumbi nalo lina lake. Wachimbaji wa vito katika migodi midogo ya Kasigau huvuta vumbi la mawe siku nzima. Kunyunyiza maji mahali panapochimbwa na kuvaa barakoa inayofaa hulinda koo na, zaidi ya yote, mapafu.

Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3 ni jambo lingine. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichofika kwenye zoloto, hasa ikiwa kuna kikohozi, jasho la usiku na kukonda. Matibabu yake ni bure katika vituo vya umma. Inaweza kuwa rovu au uvimbe wa kifuani unaobana neva ya sauti. Kwa mtoto ambaye kilio chake kimekuwa hafifu na pumzi inazidi kuwa nzito, huenda ni vinyama vinavyoota kwenye zoloto kutokana na virusi vya HPV, na mara nyingine hutibiwa kimakosa kama pumu.

Na inaweza kuwa saratani ya zoloto, ambayo huwapata zaidi wavutaji sigara, na hatari huongezeka kwa anayevuta na kunywa pombe. Saratani ya nyuzi za sauti ina onyo la mapema kuliko saratani nyingi, kwa sababu sauti hubadilika uvimbe ukiwa bado mdogo. Ikigunduliwa wakati huo, wengi hupona na kubaki na sauti yao. Ikicheleweshwa, hufuata maumivu ya sikio, shida ya kumeza, uvimbe shingoni na kukosa hewa.

Kuchelewa hakuwapati wanyonge tu. Mwanamfalme Friedrich wa Ujerumani alikauka sauti mapema mwaka wa 1887. Madaktari wakubwa wa Ulaya walibishana kwa miezi iwapo ni saratani. Alipokuwa mfalme mwezi Machi 1888 alikuwa tayari ametobolewa shingo ili apumue, na alifariki baada ya kutawala siku 99. Mwanawe, Wilhelm wa Pili, ndiye aliyerithi kiti. Ni majeshi yake yaliyoingia Kasigau mwaka wa 1915.

KILIMI KISIKATWE

Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki bado kuna desturi ya kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo ambacho wengine hukiita kimio. Huaminika kuwa kilimi kirefu ndicho kinacholeta kikohozi kisichoisha au kumzuia mtoto kunyonya na kunenepa.

Kilimi si chanzo cha kikohozi. Mtoto anayekohoa ana mafua, nimonia, pumu, kifua kikuu au kitu alichopaliwa nacho, na kumkata hakumtibu lolote kati ya hayo. Badala yake hutoka damu nyingi, na damu hiyo inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kisu kisicho safi huleta pepopunda, vidonda vya koo na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Wanaopeleka watoto hufanya hivyo kwa kuwapenda, baada ya kuona kikohozi hakisikii dawa. Penye kikohozi cha zaidi ya wiki 2, mlango wa kubisha ni wa zahanati.

WAPI PA KWENDA, NA NANI ATALIPA

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ndiye wa kwanza kuulizwa. Dalili zisizo za dharura zianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kama kile cha Rukanga. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa rufaa hadi Voi na, penye upasuaji mkubwa wa koo, hadi Hospitali ya Rufaa ya Pwani mjini Mombasa au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi.

Kwa aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali. Usajili hufanywa kwa simu ya aina yoyote kwa kubonyeza *147#. Penye dharura, ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayekosa hewa ahudumiwe kwanza, karatasi baadaye.

Njiani, mgonjwa asiyepumua vizuri asilazwe chali, aketi wima. Gari ni bora kuliko bodaboda, na likikosekana, mtu wa tatu akae nyuma kumshikilia. Pigeni simu hospitalini mapema ili wajiandae.

Aliyerudi nyumbani na tundu la kupumulia shingoni anaweza kuishi vizuri. Tundu lifunikwe kwa kitambaa chepesi chenye unyevu kuzuia vumbi, mrija usafishwe kila siku kama alivyofundishwa, na maji ya kuoga yasiingie. Familia nzima ijue kwamba ndipo anapopumulia, asije mtu akapaziba kwa shuka.

YA KUFANYA WIKI HII

• Kagua sakafu na meza ya nyumbani. Ondoa sarafu, betri na mbegu mahali mtoto anapofika.
• Angalia kitabu cha kliniki cha kila mtoto, uone chanjo iliyokosekana.
• Andika ukutani nambari ya mhudumu wa afya ya jamii, ya kituo cha afya na ya jirani mwenye gari. Nambari za dharura za taifa ni 999 na 112.
• Kama kuna mtu nyumbani ambaye sauti yake imekauka tangu mwezi uliopita, panga naye siku ya kwenda kupimwa.
• Jizoezeni nyumbani mahali pa kuweka mikono mtu akipaliwa, bila kubonyeza kwa nguvu. Vikundi vya akina mama, shule, makanisa na misikiti vinaweza kumwomba mhudumu wa afya aje kuonyesha.